Ukumbi Usiomeza Maneno: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Sauti Katika Kumbi za Lamu

Kumbi nyingi za mwambao wetu hazina upungufu wa sauti. Zina sauti kupita kiasi. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, sakafu ya vigae, dari ya zege: sauti ikigonga hapo hurudi karibu yote. Mwimbaji akifungua kinywa, ubeti wa kwanza haujaisha kuvuma na wa pili umeshaingia juu yake. Kamati hukaa, hulalamika, kisha huchangisha pesa za spika kubwa zaidi. Hiyo ndiyo shilingi inayopotea kuliko zote katika kazi hii, kwani spika kubwa huongeza neno na mrindimo wake kwa kipimo kilekile.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyekabidhiwa chumba, Lamu mjini, Shela au hata Malindi, akaambiwa akigeuze kiwe mahali pa taarab, mashairi, kasida au mchezo wa kuigiza. Fuata hatua kwa mpangilio wake: chumba kwanza, spika mwisho.

Hatua ya 1: Amua ukumbi ni wa kazi gani

Kipimo kikuu ni muda wa mrindimo, yaani sekunde ambazo sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60 baada ya chanzo chake kunyamaza (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Desibeli 60 maana yake nguvu ya sauti imebaki sehemu moja ya milioni. Kwa ukumbi wa watu mia moja na kitu, mashairi, mihadhara na maigizo yanataka sekunde 0.7 hadi 0.9. Taarab ya udi, kanuni na fidla hupendeza kwenye sekunde 1.0 hadi 1.3, maana nyuzi zinahitaji chumba kizirefushe kidogo. Matari na dumbaki ni kinyume: mapigo ya harakaharaka yakipewa mrindimo mrefu hugeuka uji.

Ukumbi ukiwa wa kila kitu, kama ilivyo kawaida kwetu, lenga sekunde 1 usiku ambao nusu ya viti vimejaa. Usipigie hesabu ukumbi uliofurika. Usiku wa kufurika hujitengeneza wenyewe, na sababu utaiona kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Sikiliza, kisha pima

Ingia ukumbi ukiwa mtupu. Simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio wa trrrr mkavu unaokimbia kati ya kuta mbili, hizo ni kuta zinazotazamana zikirushiana sauti. Sasa simama jukwaani upige tena. Ukisikia kofi la pili likitoka nyuma ya ukumbi, huo ni mwangwi, na mwimbaji ataupata sikioni usiku kucha.

Kipimo ninachokipenda mimi hakihitaji chombo chochote. Andika orodha ya maneno ishirini yanayofanana: pata, paka, pasa, papa, kata, kasa, kaka, tasa, taka na mengine ya jinsi hiyo, yachanganye, mmoja ayasome jukwaani kwa sauti ya kawaida, na mwenzake aliyeketi safu ya nyuma ayaandike. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ndiyo yenye nguvu. Mrindimo huichukua irabu ya nyuma na kuifunika konsonanti inayofuata. Ndiyo maana msikilizaji wa utenzi katika ukumbi mbovu hupata vina vyote na asipate kisa. Mwenzako akikosea zaidi ya maneno mawili, ukumbi bado.

Baada ya hapo pasua puto, au gonganisha mbao mbili nene, huku simu ikirekodi ikiwa umbali wa mita kadhaa. Programu za bure za kupima mrindimo zipo, za simu na za kompyuta, na kwa kazi hii zinatosha. Pima sehemu nne au tano, si moja, kisha uchukue wastani.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Hesabu hii ilitoka Marekani. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilikuwa na jumba jipya, la Fogg, ambalo chumba chake cha mihadhara kilikuwa hakisikiki neno. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, alipewa kazi ya kujua sababu. Alifanya majaribio usiku, watu wamelala, kwa bomba la kinanda na saa, huku akibeba mito ya viti kutoka ukumbi jirani na kuiongeza kidogokidogo. Kikiwa kitupu, chumba kile kilirindima kwa zaidi ya sekunde 5. Kutokana na mito ile alipata kanuni ambayo mafundi wanaitumia hadi leo:

Muda wa mrindimo = 0.161 × ujazo wa chumba ÷ jumla ya unyonyaji

Ujazo ni wa mita za ujazo. Unyonyaji wa kila sehemu ni eneo lake kwa mita za mraba mara kiwango chake, kuanzia 0 (hurudisha yote) hadi 1 (haurudishi kitu). Dirisha lililo wazi ni 1, kwa sababu sauti iliyotoka nje hairudi.

Tuchukue ukumbi wa mfano: urefu mita 14, upana 8, kimo 4.5. Ujazo ni mita 504. Kwa sauti za katikati, 500 Hz hivi (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), kuta za chokaa nizipe 0.03, vigae 0.02, dari ya zege iliyopigwa lipu 0.03. Milango na madirisha ya mbao yana jumla ya mita za mraba 15, na yakifungwa nayapa 0.1. Jumla ya unyonyaji inafika 12.6 tu, na mrindimo ni zaidi ya sekunde 6. Fungua madirisha na milango yote: jumla inakuwa 26, mrindimo sekunde 3.1.

Sasa ingiza watu. Mtu mmoja aliyeketi hunyonya kama mita ya mraba 0.45, na mwenye nguo nzito zaidi ya hapo. Watu 150, madirisha wazi: sekunde 0.87. Ukumbi umekuwa mzuri bila mtu kugusa ukuta! Lakini waje 75 na madirisha yafungwe kwa sababu ya mvua, mrindimo unapanda hadi sekunde 1.75, na mashairi yamekwisha.

Hapo ndipo panapofaa pesa. Ongeza mita za mraba 22 za vinyonyaji vyenye kiwango cha 0.85 na uangalie: watu 75 madirisha wazi, sekunde 1.04, watu 75 madirisha yamefungwa, 1.26, ukumbi uliojaa madirisha wazi, 0.73. Ukumbi haubadiliki tena kila mtu anapoingia au wingu linapokuja. Pima chumba chako, weka tarakimu zako, uone unahitaji mita ngapi kabla ya kwenda kwa fundi wa mbao.

Hatua ya 4: Anza na ukuta wa nyuma

Sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde katika joto letu. Katika ukumbi wa mita 14, sauti ya mwimbaji ikienda ukuta wa nyuma na kurudi imetembea mita 28, sawa na milisekunde 80. Sikio huunganisha marudio yanayofika ndani ya milisekunde 50 na neno lenyewe. Yakichelewa zaidi ya hapo huyasikia kama mtu wa pili anayeiga. Kwa hiyo vinyonyaji vyako vya kwanza, na vingi, viende nyuma.

Namna ya kutengeneza kinyonyaji kimoja: unda fremu ya mbao ya sentimita 120 kwa 60, yenye kina cha sentimita 10. Upande wa nyuma kaza wavu, na wavu wa kuvulia uliochakaa unafaa kabisa. Jaza nyuzi. Upande wa mbele kaza marikani, gunia jepesi au leso. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Usikipake rangi ya mafuta hata ikipendeza namna gani, maana utakuwa umeziba mlango. Fremu isigusane na ukuta, iache nafasi ya sentimita 10. Nafasi hiyo haina gharama na ndiyo inayokiwezesha kinyonyaji kushika sauti nzito zaidi. Isitoshe, hewa ikipita nyuma, ukungu haukai. Mita za mraba 22 ni fremu 31 hivi. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kwani chumvi ya hapa haina huruma.

Kuhusu cha kujazia, mtaani utasikia mengi. Pamba ya mawe, ile inayouzwa kwa kuzuia joto, ndiyo bora: hainyonyi maji kirahisi na haiwaki. Ukiishika vaa glavu na ufunike pua. Nyuzi za makumbi ya nazi hufanya kazi vizuri na zinapatikana kwetu, ila lazima zichovywe kwanza katika maji ya boraksi na asidi ya boriki ili zisishike moto, zikaushwe, kisha kipande kijaribiwe moto nje ya jengo. Sufi hunyonya sauti vizuri sana, lakini hushika moto upesi mno na mimi siitii katika ukumbi wa watu. Godoro za sponji ni hatari tupu, moshi wake una sumu. Anayeziweka ukutani kwenye chumba chenye mlango mmoja anacheza na roho za watu. Trei za mayai? Ni karatasi. Hupunguza sauti za juu kidogo, nzito huziacha vilevile, na moto zinaupenda.

Mikeka na mazulia ukutani nayo hayasaidii sana. Zulia jembamba lililobandikwa kwenye mawe hunyonya sauti za juu peke yake, ukumbi ukabaki na uvumi wa chini na maneno yaliyofifia. Pazia ni afadhali, likiwa zito, lenye mikunjo mingi, limening'inia mbali kidogo na ukuta.

Jambo moja kabla hujashika msumari. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Jengo lako likiwa humo, zungumza kwanza na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na hata wakikuruhusu, usitoboe lipu ya chokaa ya zamani. Tengeneza fremu za kusimama zenye miguu. Zinaondoka, zinarudi, na zinaweza kuhamishwa kazi ikibadilika.

Hatua ya 5: Kuta za ubavuni

Hapa usinyonye kila kitu. Kuta za ubavuni zilizo karibu na jukwaa humletea msikilizaji marudio ya mapema, na hayo humsaidia. Unachotaka ni kuvunja ule mlio wa trrrr. Weka fremu chache kwa kupishana, upande huu pawe na fremu na upande wa pili pawe na ukuta mtupu.

Aliye na vidaka, vile visanduku vilivyochimbwa ndani ya ukuta vya kuwekea vyombo, ameshapata nusu ya dawa. Ukuta wa vidaka vya kina cha sentimita 20 huitawanya sauti ya katikati na ya juu pande zote badala ya kuirudisha moja kwa moja. Usivizibe, wala usivijaze spika. Asiye navyo anaweza kutengeneza rafu ya mbao yenye visanduku vya kina tofautitofauti, cha sentimita 8, 15, 20, na kuiegemeza ukutani. Vitabu ndani yake ni ruhusa.

Hatua ya 6: Sauti nzito

Hapa wengi hukwama, kwa kuwa fremu za sentimita 10 na miili ya watu hushika sauti nzito kwa shida. Ukumbi ukivuma ngoma ikipigwa huku maneno yakisikika safi, tatizo ni hili.

Tumia plaiwudi nyembamba inayotikisika. Plaiwudi ya milimita 6 iliyofunika sanduku lenye nafasi ya hewa ya sentimita 10 hunyonya zaidi karibu na 100 Hz. Ya milimita 4 hupanda hadi 120 Hz hivi. Sanduku lifungwe pande zote lisivuje hewa, na ndani yake tia nyuzi kidogo zisizogusa plaiwudi. Mahali pake ni pembeni, kuta mbili zinapokutana, kwa sababu sauti nzito hukusanyika huko. Manne makubwa, moja kila kona, ni mwanzo mzuri.

Vyumba vya nyumba za kale ni shida ya aina yake. Upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, mita 2.5 hadi 3 tu, na chumba cha mita 2.7 kina uvumi wake wenyewe kwenye 64 Hz. Ngoma kubwa humo ndani haifai. Udi na sauti ya mtu, naam, tena bila spika.

Hatua ya 7: Jukwaa na viti

Anayeonekana husikika. Inua jukwaa sentimita 60 hadi 90, kwa sababu sauti inayopita juu ya vichwa kwa kuambaa humezwa na safu za mbele. Wasikilizaji wakiketi mikekani, sentimita 40 zinatosha. Nyuma ya waimbaji weka kitu kigumu, plaiwudi ya milimita 18 au ukuta wenyewe, usiweke pazia. Wengi hufanya kinyume ili picha zipendeze, kisha mwimbaji akajikausha koo. Viti vya plastiki vya kukodi vikiwa vitupu havinyonyi chochote. Vyenye mto humsaidia fundi, kwani kiti kitupu hukaribia kiti chenye mtu.

Hatua ya 8: Kelele za nje, na zako zinazotoka

Lamu tumeepushwa na magari mitaani, lakini kuna jenereta, mashine za boti gatini, na punda ambaye hachagui wakati. Malindi ongeza tuktuk. Ukuta wa matumbawe wa nusu mita huzuia sana; sauti hupenya mlangoni. Mwanya ukifika asilimia 1 tu ya eneo la mlango, uzuiaji hauwezi kuzidi desibeli 20, hata mlango uwe wa chuma. Kwa hiyo mpira wa kuziba pembeni na chini ya mlango hushinda mlango mpya. Mlango wa kuchonga wa zamani uache ulivyo, na uongeze wa pili ndani, kati yake pawe na kijichumba chenye zulia.

Joto ndilo linalotufunga mikono, kwa maana hakuna anayekaa saa mbili ndani ya ukumbi uliozibwa mwezi wa tatu. Tengeneza njia ya hewa yenye kona mbili, pana, iliyotandikwa pamba ya mawe ndani: hewa hupinda, sauti hupotelea njiani. Feni ziwe kubwa za kuzunguka polepole. Jenereta isiegemezwe kwenye ukuta wa ukumbi hata siku moja.

Paa la makuti ni tulivu mvua inaponyesha, ila haliwazuii majirani kusikia. Mabati ni kinyume chake: masika yakifika, hakuna kipaza sauti kitakachoyashinda. Chini ya mabati tundika dari ya jipsamu, na juu yake tandika pamba ya mawe.

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Pia pangeni ratiba kwa kufuata adhana. Kituo katikati ya onyesho kikipangwa ni mapumziko. Kisipopangwa ni aibu.

Hatua ya 9: Spika, sasa

Ukumbi wa mita 14 uliorekebishwa hauhitaji mlima. Spika mbili za wima, mbele kidogo ya waimbaji ili maiki zisipige mluzi, juu ya vichwa, zimeinama kuelekea masikio ya safu ya nyuma. Zikitazama ukuta wa nyuma utakuwa umerudi mwanzo. Fungua maiki chache: kila idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi. Kuhusu ukali wa sauti, Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Taarab ya chumbani haina sababu ya kukaribia hapo. Kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, punguza sauti nzito za maiki za waimbaji, chini ya 100 Hz, kabla ya kuongeza chochote.

Rudia orodha ya maneno ishirini usiku wa kwanza wenye watu, mapema kabla ya onyesho, na usogeze fremu panapohitajika. Kisha kila masika yakiisha fungua fremu mbili za nyuma. Ukikuta panya wametengeneza kiota, badilisha wavu na ukaze misumari. Ukikuta harufu ya ukungu, toa nyuzi uzianike juani siku mbili, zikiwa za nazi uzichovye boraksi upya, na uisogeze fremu mbali zaidi na ukuta.